Udongo wa Mutindi

Kasyoki wa Nuu alizaliwa na mdomo wa kuamuru, na hakuna aliyewahi kuufunga, hata marehemu mumewe, ambaye watu husema alikufa akiitikia ndiyo. Miaka kumi na miwili alikuwa mwenyekiti wa mwethya, kile kikundi cha wanawake wanaochimbiana mashamba kwa zamu. Wanachimba fanya juu, mitaro ya kuzuia mvua isibebe udongo, na mpangaji wa zamu alikuwa yeye. Kanisani pia aliongoza akina mama. Maombi yake yalikuwa marefu, na ndani yake Mungu alipewa kazi ya kufanya wiki nzima.

Mwanawe Muli akamwoa Mutindi bila kumuuliza mama yake. Basi. Shamba la Mutindi liko juu kabisa kwenye mteremko, na ndilo lililohitaji mitaro kuliko yote. Kasyoki akaliweka mwisho wa orodha. Mwaka ukaisha zamu haijafika. Mwaka wa pili akalirudisha mwisho. Wa tatu, Muli akiwa kwa vibarua mjini Sultan Hamud, Mutindi aliuliza mbele ya wenzake zamu yake ni lini. Kasyoki akamwangalia tumbo, lilikuwa la miezi saba, akasema aliyejua kujitafutia bwana bila kusaidiwa hawezi kushindwa na jembe. Wanawake wakacheka. Zamu zao pia zilikuwa mkononi mwake.

Mutindi akachimba peke yake. Mvua ya Novemba ikanyesha siku mbili mfululizo, ikalibeba shamba pamoja na ndengu zilizokuwa zimeota, ikamwachia mawe. Kasyoki aliposikia alisema Mungu anajua kufagia.

Lakini udongo haukupotelea hewani. Shamba la Kasyoki liko chini ya lile, na mitaro yake, ambayo huchimbwa ya kwanza kila mwaka, iliudaka wote. Ndengu zake zikazaa mpaka majirani wakaja kutazama.

Jumapili ya shukrani kila mtu alipeleka mavuno mbele na kusema neno. Mutindi, mtoto mgongoni, alipeleka kikombe kimoja. Kasyoki aliyemfuata na debe zima akamuuliza, kwa sauti ya kusikika, kama hicho ni cha Bwana ama cha kuku. Kisha akatua debe, akashika maikrofoni, akaanza, "Namshukuru Mungu kwa shamba langu..."

Macho yakaangukia debe. Ndengu zilikuwa na vumbi jekundu. Shamba lake ni mchanga mweupe. Udongo mwekundu uko juu kwa Mutindi. Hakuna mwingine aliyeona kitu. Mwizi angalau huamka akaenda kuiba. Yeye aliletewa mpaka mlangoni. Akarudisha maikrofoni, akaketi.

Wiki tatu alibishana na Mungu. Akamwambia atampa Mutindi zamu ya kwanza, ila bila kusema sababu. Akamwahidi mbuzi. Akafunga siku mbili, akatoka hapo mkali kuliko alivyoingia. Alikuwa tayari kutoa kila kitu isipokuwa neno nimekosa. Mwisho, mchana mmoja, akapanda mlima hadi kwa Mutindi.

Mutindi alikuwa anagonga mawe yawe kokoto za kuuza. Hakuinuka.

"Ile mvua ilikutendea vibaya," Kasyoki akaanza.

"Mvua iache, mama. Sema yako."

"Kama kuna mahali nilikukosea..."

"Hiyo kama itoe."

Jua lilimchoma kichwani na hakuna aliyemwonyesha kiti. "Nilikuruka makusudi," akasema. "Nilitaka njaa ikutoe kwa mwanangu."

"Nilijua," Mutindi akasema, akagonga jiwe lingine.

Kasyoki akafuta uso, na papo hapo akaanza kueleza vile Jumanne atakileta kikundi chote, waanzie huku juu, washuke. Mutindi akamkatiza.

"Unaona? Bado unapanga. Waambie wale waliocheka. Hapo tutaona."

Jumanne aliwaambia, wamesimama na majembe yao. Alitarajia machozi, pengine wimbo. Ndululu, mmoja wao, aliyekuwa akimwogopa miaka yote hiyo, alimuuliza kama aliyemruka ni huyo tu ama kuna wengine. Walikuwepo wawili. Akawataja. Wakamvua uenyekiti hapo hapo, wakampa Ndululu, na zamu zikapangwa kwa kura ya vikaratasi. Mutindi akapata ya tano. Kasyoki akafungua mdomo kusema haiwezekani, lazima aanze Mutindi.

"Keti, Kasyoki," Ndululu akamwambia.

Neno lilikuwa limefika kwa meno. Akalimeza, likamkwaruza likishuka, akaketi chini kwenye vumbi. Hapo, kimoyomoyo, bila kumpa Mungu kazi yoyote, akamwambia, "Amua wewe."

Mutindi hajasema amemsamehe. Zamu ya tano ilipofika, Kasyoki alipewa kipande chenye mawe. Jioni Mutindi alipita, akapima kina kwa mguu, akamwambia hapo bado. Kasyoki akarudi ndani ya mtaro, akaendelea kuchimba.