Picha ya Mama na Alama Yake

Enzi zetu sisi wa Hombolo, ukitaka kujiona sura ulisubiri maji ya bwawa yatulie. Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini zabibu zimenijengea nyumba Nzuguni, na sebuleni kwangu nimemtundika mama yangu, kachorwa kwa rangi ya mafuta. Nasema bila haya: sijaona mwanamke aliyependeza kama yeye.

Aliyemchora ni fundi mgeni aliyekuja kuandika vibao vya maduka. Baba alimwahidi mbuzi. Siku tatu mama alikaa kwenye kigoda, shanga tele, kaniki mpya begani, shingo imesimama kama ya twiga. Sisi watoto tuliacha gololo, ikawa kazi yetu kumfukuzia nzi, tumbo limejaa mlenda, pua imejaa harufu ya rangi. Mama alisema bila kutikisa midomo, "Atakayenichekesha atalala na mbuzi!"

Siku ya nne fundi akageuza picha. Baba akapiga makofi. Mama akaitazama weee.

"Fundi, huyu nani?"

"Ni wewe, mama."

"Alama yangu iko wapi?"

Wagogo wenzangu mnaijua, ile duara ya kwenye paji la uso waliyochomwa wasichana wa zamani. Fundi aliiona kovu tu, akaiacha ili ampendezeshe.

"Huyu akienda kwa mama yangu," mama akasema, "atakaribishwa kama mgeni, apewe maji, aulizwe katokea wapi."

Baba akajitia kusuluhisha. "Lakini mke wangu, si amependeza?"

"Basi muoe. Ila leo apike yeye."

Baba akamgeukia fundi haraka: "Rudisha alama!" Fundi akachovya brashi, akaweka kadoa. Mama akaja juu: "Ongeza! Nililia kwa alama hiyo, usinifanyie choyo." Ikaongezwa, naye ndipo akacheka. Mbuzi akaondoka na fundi.

Juzi mjukuu wangu, anayefanya kazi Mtumba, aliipiga picha ile kwa simu. Vijana wa leo bwana, hata chai hawainywi kabla haijapigwa picha! Akanionyesha: "Babu, ona nilivyomng'arisha bibi." Mashavu meupe pee, paji la uso laini kama yai. Alama hakuna.

Fundi wetu alikosea kwa siku tatu, akasahihishwa na mwenyewe. Simu imekosea kufumba na kufumbua, na mwenyewe yuko kaburini. Nikaona hapa wa kusahihisha ni mimi.

"Mjukuu wangu," nikamwambia, "mletee maji huyo. Kisha umuulize katokea wapi."