Moto Usiomulika

Kila asubuhi, kabla hajafungua mlango wa saluni, msusi hufuta kioo kwa gazeti kuukuu, akianzia pembeni. Mwenyewe hajitazami. Husema uso wake anaujua.

Kila Jumapili mchana viti viligeuzwa kuzunguka meza, ukaanza mchezo wa kuigiza hadithi. Kila mchezaji alikuwa na mtu wake wa kubuni katika nchi ya mapango na majoka. Msusi alisimulia na kuhukumu, dadu zikaamua yaliyobaki. Akisema, amesema. Hakumpendelea mtu, hata wa tumbo moja naye, na hiyo ndiyo sifa aliyoringia.

Jumapili moja mdogo wake, aliyecheza mchawi, alikwama gizani pangoni. Akawasha moto wa kiini macho.

"Dada, naona njia?"

"Moto wa kiini macho unaonekana wenyewe tu. Haumuliki kitu."

Mchawi akapiga hatua, akatumbukia shimoni, akafa. Mdogo mtu akakubali. "Sheria ni sheria."

Jumapili iliyofuata alikuja mgeni, fundi cherehani wa mlango wa pili, na shati lake la bluu. Siku hiyo msusi alikuwa amejipaka wanja. Fundi naye akafika pango lilelile.

"Nawasha taa ya kiini macho," akasema. "Naona nini?"

Msusi hakufikiri. "Pango zima jeupe kama mchana. Shimo lile pale, miguuni pako. Unalizunguka."



"Dada," mdogo wake akauliza taratibu, "taa ya fundi inatumia mafuta gani? Na mimi nikanunue."

"Hayauzwi hayo," akadakia Kipara, jirani muuza vipuri. "Ukipendwa, unatiliwa."

Kicheko kikalipuka. Msusi akainua macho, akakutana na kioo: Kipara anajifuta machozi ya kucheka, mdogo wake peke yake hacheki, na katikati yao yeye, na wanja wake. Alitaka kusema nimekosea, mchawi na afufuke.

Fundi akakuna shingo. "Basi na mimi nitumbukie tu, dada. Haki bin haki."

Dada. Hata angemtukana ingekuwa nafuu.

Msusi akazisukuma dadu mbele ya mdogo wake. "Simulia wewe."

"Unaenda wapi?"

"Kuanua taulo."

Akatokea mlango wa nyuma. Taulo zilikuwa kwenye kamba, kavu tangu asubuhi. Akazipita, akafungua kigeti, akaenda zake. Pale mezani hakurudi tena.