Siku Suruali ya Baba Ilipofungua Kizuizi

Nianze na upumbavu wenyewe, ili mkicheka mcheke mara moja tuendelee: nilivaa suruali ya baba bila kumwomba, nikaifunga kiunoni kwa kamba ya mgomba. Mkanda sikuuona, na baba ana kiuno cha watu wawili, lakini nilitaka nionekane mtu mzima kwa sababu siku hiyo mama alikuwa ananipeleka kizuizini.

Si kwa kukamatwa, jamani! Kizuizi kilikuwa kwenye barabara ya kwenda Tarakea, mpakani na Kenya, boriti moja na askari watatu, na tangu biashara ifunguliwe akina mama wa kwetu walikuwa wakipita hapo kila siku ya soko na mizigo kichwani, nao askari wanawaanika juani, fungua hiki, mwaga kile, mpaka soko linakwisha. Basi wamama wa jumuiya yetu ya kanisani wakakubaliana kwenda kwa zamu kusimama kando na kuangalia. Kuangalia tu! Hakuna kugomba, hakuna kusema neno, unamkodolea askari macho mpaka akumbuke kwamba na yeye ana mama. Mimi, kidato cha pili na niko likizo, nilichukuliwa kubeba mwavuli.

Tulipofika tukakuta foleni nzima imekaa chini. Soko lililopita jirani yetu Mama Filo alimwambia koplo, mkubwa wa hao askari, mbele za watu kwamba tumbo lake limekaa kama pipa la pombe ya mbege (nililiangalia vizuri, hakukosea sana), na leo koplo ameamua hapiti mtu.

"Aliyenitukana anajijua," akasema. "Aombe msamaha, au wote mkae hapa mpaka soko livunjike."

"Msamaha kwako?" Mama Filo akajibu. "Wewe uliyemwaga maharage yangu barabarani?"

"Basi kaa."

Akakaa, anazipepea ndizi zake mbivu kwa pindo la khanga kama anapepea mgonjwa. Zilikuwa zimeanza kuwa nyeusi, na kila mtu pale alijua kwamba ndizi hizo ndizo zingemrudisha binti yake Roza shule ya bweni Jumatatu. Wenzake wakamsihi, akagoma. Koplo naye akagoma. Wamama wetu wakaendelea kukodoa macho kama walivyokubaliana.

Sasa mimi kukaa kimya sikuumbiwa. Nikakata jani kwenye ua wa shamba la jirani, nikalipiga fundo kwenye ncha liwe kama rungu la koplo, nikaanza kutembea nyuma yake, tumbo mbele, kidevu juu, rungu nikilipunga. Foleni ikaanza kuguna kwa kicheko. Nikaona mambo si hayo! Nikalisukuma tumbo mbele zaidi, na hapo kamba ya mgomba ikakatika.

Suruali ikashuka mpaka kwenye viatu. Chini nilikuwa na bukta ya shule yenye kiraka chekundu mahali pabaya. Nikajaribu kuinama niivute, nikajikwaa, na koplo alipogeuka alinikuta nimepiga magoti mbele ya buti zake, mkono mmoja umeshika suruali, mwingine umenyoosha lile jani juu ili nisianguke kifudifudi.

Foleni nzima ikalitazama lile jani.

Jani lenyewe lilikuwa isale. Kwetu ndio mmea tunaoupanda mipakani mwa mashamba, na ukimkosea mtu kisha ukampelekea jani lake limefungwa fundo, hawezi kukataa kukusamehe, hata kama umemuulia ng'ombe. Na koplo, kumbe, ni mtu wa Kibosho, desturi hiyo hiyo ni yake. Nikaona uso wake unabadilika.

"Nani amekutuma?" akauliza taratibu.

Nikafungua mdomo nidanganye, na kwa mara ya kwanza maishani uongo haukutoka.

Bibi Anjela, mzee kuliko wote kwenye zamu yetu, akavunja amri ya kukaa kimya. "Umepewa isale, mwanangu. Utaikataa mbele ya mama zako?"

Ndipo Mama Filo akainuka, akajipangusa vumbi, akaja kusimama nyuma yangu.

"Na mimi nipo kwenye hiyo isale," akasema. "Nilikosea kukutukana. Lakini maharage yangu uliyamwaga."

"Niliyamwaga," koplo akasema. Akalipokea jani kwa mikono miwili. "Nisamehe, mama. Haya, inueni boriti!"

Vigelegele vile nadhani vilisikika mpaka Kenya! Wamama wakapita mbio na matenga yao, Mama Filo mbele kabisa, na kila aliyenipita alinigusa kichwa kama nimepata kipaimara, huku mimi bado nimepiga magoti, siwezi kusimama. Koplo mwenyewe ndiye aliyeniletea kipande cha kamba ya katani. "Funga, mzee," akaniambia, na nikaona anajikaza asicheke.

Roza aliondoka Jumatatu. Mimi shule ilipofunguliwa nilikuta kiraka chekundu kimeshafika kabla yangu, na naapa mbele yenu, suruali ya mtu mwingine sivai tena hata niwe nafunga ndoa.

Lakini jioni ya siku ile ya kizuizi mama hakusema neno njia nzima. Nikajua anatafuta maneno ya kunisifu. Tulipofika nyumbani akatua mzigo, akahakikisha Bibi Anjela amepita, akasema:

"Nilikuona tangu unalikata lile jani. Siku utakayomwambia mtu kwamba ulikuwa unacheza, hata uniletee isale shamba zima, sikusamehe."