Sanduku la Mvule la Pangani

Kila mwaka, kabla ya mitihani, Bibi Mkuu wa chuo chetu cha ualimu, Mzungu, alituandikia sisi tuliohitimu: wasichana wa pwani hawaji chuoni mpaka waitwe na mtu wanayemjua, basi kila mmoja wetu amletee mmoja. Nilikuwa nikifundisha shule ya Usagara, mjini Tanga, mwaka wa pili tangu nipate cheti, na barua ile niliipokea kama faradhi.

Nikaenda Pangani, nyumbani kwa seremala mmoja ambaye binti yake alikuwa akimaliza darasa la nane. Msichana yule alinizidi akili nilizokuwa nazo katika umri wake. Lakini nyumba ile haikuniuliza habari za masomo. Bibi wa yule msichana aliniweka kando yake adhuhuri, akasikiliza ninavyosali. Shangazi yake akanipima kwa macho tangu kichwani hata miguuni.

"Chuo kimekupa cheti," akasema, "mume hakikukupa?"

"Mume hayumo katika masomo, shangazi."

"Basi mwambieni Mzungu wenu amtie!"

Wakacheka wote, ila seremala. Yeye aliniuliza kama wasichana hufunga Ramadhani, na nani hulinda mlango. Nilipokwisha kujibu akasema, "Chuo sikijui. Nakujua wewe, kwamba ulikwenda na umerudi ungali mtu wetu. Siku ya safari uje umshike mkono. Nitakupa wewe, chuo sikipi."

"Nitakuja, baba, inshallah."

Wiki ile ile akaanza kumchongea bintiye sanduku la mvule.

Siku ya safari ilipokaribia, tukaarifiwa kwamba Mkaguzi wa elimu atafika shuleni siku hiyo hiyo. Ningeweza kuomba ruhusa; sikuomba. Nilijiambia kwamba si haki kuliacha darasa zima kwa ajili ya mtoto mmoja, na hoja hiyo ilinipendeza kwa kuwa ilifanana na uadilifu. Kwa kweli nilitaka nionekane. Nikamwandikia seremala barua nzuri, nikaipiga muhuri wa shule, nikamtaja mama mmoja mwenye heshima atakayepanda basi pamoja na yule msichana, nikaahidi kumpokea mwenyewe Tanga. Niliuamini muhuri kuliko uso wangu.

Mkaguzi alikaa darasani mwangu muda wa kunywa kikombe cha chai. Alasiri nikaenda kulipokea basi. Yule mama akashuka na kikapu chake, peke yake.

"Sanduku lilikuwa mlangoni limekwisha kufungwa kamba," akaniambia. "Mtoto kavaa buibui tangu alfajiri. Baba yake akaisoma barua yako, akarudia kuisoma, kisha akafungua kamba."

Kesho yake nilikuwa Pangani.

"Barua yako nzuri, Mwalimu," seremala akasema. "Lakini mwanangu simkabidhi karatasi."

"Nimekuja sasa, baba. Nafasi yake bado ipo."

"Umekuja sasa kwa sababu yeye hakuja."

Nilimsihi mpaka ikaadhiniwa magharibi. Binti akaniletea kahawa, na chini ya kikombe ameweka orodha ya vitu vilivyotakiwa na chuo: shuka mbili, sahani, sabuni, kalamu. Kila kimoja alikuwa amekitia alama.

"Nilikuwa tayari, Mwalimu," akasema kwa sauti ndogo. Nafasi yake ikapewa mwingine, na kabla ya mwaka kuisha akaozwa.

Barua ya Bibi Mkuu ilipokuja tena, jambo la kwanza nililofanya ni kuomba ruhusa ya siku ya safari. Mara hii nilikuwa nimepata msichana wa mtaa wa yule seremala. Tulipokuwa tukingoja basi pale Pangani, seremala akatokea, sanduku la mvule begani. Akalitua miguuni pa msichana.

"Hili halijasafiri," akamwambia.

Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, na macho yake hayakuwa usoni pangu. Aliutazama mkono wangu, ulivyoushika mkono wa yule mtoto.