Vigae vya Wakili Eliudi

Ashura wa kijiji cha Chiola hakuwa mtu wa kudanganyika. Ndivyo alivyojisifu mwenyewe, na kwa kuwa alisema kwa sauti kubwa, watu walimkubalia. Sokoni Nachingwea alinusa samaki mkavu kichwa na mkia kabla ya kununua, na mchumba wa binti yake alimpitisha kwa kumtazama visigino tu. Basi Fahadi, mtoto wa baba yake mdogo, alipong'oa minyaa ya mpakani na kuipanda upya ndani ya shamba la Ashura, akameza safu nzima ya mikorosho ambayo Ashura aliachiwa na marehemu baba yake, mama huyu alijua la kufanya. Angetafuta wakili, na angemchagua kwa macho.

"Nenda Ruangwa kwa Wakili Rahel," jirani yake Albina alimshauri. "Ndiye aliyetusimamia mirathi."

"Yule wa nyuma ya duka la misumari? Mwenzangu, mimi nina kesi, sina banda la kuezeka."

Akaenda kwa Wakili Eliudi, Nachingwea mjini. Hapo ndipo palipokuwa na ofisi! Vigae vinateleza mpaka ukiingia unatembea kama bibi harusi. Kiyoyozi kinapuliza baridi ya kumtoa mtu kamasi. Nyuma ya kioo, vitabu vyekundu vimejipanga kwa adabu, havijawahi kusumbuliwa na mtu. Mafaili nayo hayakuwa na aibu: yalijaa mezani, dirishani na vitini, moja likazuia mlango usijifunge. Ashura akaridhika. Wakili asiye na rundo la mafaili, alijiambia, ni sawa na mganga asiye na wagonjwa.

Tena mtu hakuchoka kusubiri. Karani Saada alikuwa na mazungumzo yake kwenye simu, na faili la kiti cha pili lilikuwa wazi. Ashura akasoma. Akajua nani kule Kilimarondo anadai talaka, na kwa nini. Alirudi nyumbani mwepesi, akamsimulia Albina mpaka ugali ukaungua. Kwamba faili lake mwenyewe limebaki kwenye kiti cha tatu, hilo halikumpitia akilini.

Siku ya baraza la ardhi, Fahadi alikuja bila wasiwasi wowote. Kila shahidi wa Ashura alimjua kwa jina, na atakachosema alikijua pia. Mzee Bakary, aliyeona minyaa ya kwanza ikipandwa, hata hajafungua kinywa, Fahadi akauliza kama mzee anakumbuka alikuwa analima wapi mwaka ule.

"Umeyajuaje haya, kaka?" Ashura alimnong'oneza.

"Nilikwenda kwa wakili wako tuyamalize kindugu. Sikumkuta, nikakaa kumsubiri." Fahadi alitabasamu. "Viti vyake laini kweli, dada."

Hapo Wakili Eliudi akasimama, suti inang'aa, akafungua faili.

"Mheshimiwa mwenyekiti, mteja wangu amevumilia vya kutosha. Mume wake amemtelekeza, hampi hata chakula."

Awadhi, mume wa Ashura, alikuwa amekaa nyuma amepakata bakuli la mihogo aliyomletea mkewe. Akainuka.

"Nimemtelekeza lini? Na hii ni nini?"

Baraza zima likacheka, mwenyekiti akiwemo. Shauri likaahirishwa. Ashura alitoka amejitanda khanga mpaka puani.

Alipokwenda kuchukua faili lake, Saada alilitafuta asubuhi nzima. Likapatikana chini ya mguu mfupi wa meza, ambako, kwa haki, lilikuwa limefanya kazi kuliko wakili mwenyewe.

Ruangwa, ofisi ya Rahel ilikuwa na feni moja, kabati lililofungwa kwa ufunguo, na meza tupu. Ashura aliangaza huku na huku. Hakuna hata karatasi ya kudokoa! Akajaribu kwa mdomo.

"Mwanangu, ile mirathi ya shoga yangu Albina iliishaje?"

"Muulize shoga yako, mama," Rahel alijibu kwa upole. "Tuzungumze ya kwako."

Ashura alinuna. Kisha, pole pole, akaegemea kiti na kuanza kueleza yote, hata yale aliyokuwa amemficha Eliudi.

Baraza lilikuja shambani lenyewe. Mzee Bakary akaonyesha mahali, jembe likapita, vikaibuka visiki vya minyaa ya zamani. Fahadi akalaumu mchwa. Mpaka ukarudishwa ulipokuwa.

Msimu wa korosho ulipofika, Fahadi aliwatuma wanawe kuomba mabibo. Ashura hakuwanyima, ndugu ni ndugu. Aliwajazia ndoo kwa mkono wake mwenyewe, akiwachagulia moja moja yale yaliyoanza kuchacha.