Kopo la Baba na Mikono ya Mama

Enzi zetu picha haikupigwa ovyo. Wenzangu tulioota mvi pamoja mnakumbuka. Mtu akishaamua kupiga picha alijitayarisha kama anayekwenda kuposa: nguo ilipigwa pasi ya makaa, nywele zikachongwa njia upande mmoja, miguu ikapakwa mafuta mpaka nzi wakateleza. Asiye na saa aliazima ya jirani, na mkono wenye saa ndio uliowekwa mbele. Kamera ikielekezwa kwetu hakuna aliyecheka. Tulisimama wima, macho yametutoka, kama watu wanaosomewa hukumu. Watoto wa leo wanaipiga picha sahani ya chipsi kabla hawajala, wakishiba wanaipiga tena ikiwa tupu, na kesho hawakumbuki walikula nini.

Mimi ni mtoto wa studio. Baba alikuwa mpiga picha Homa Bay, miaka ile ya sitini, katika nyumba ya mabati kwenye njia ya kuteremkia gatini. Meli ya Kisumu ikipiga honi, tulijua wateja wamefika. Wa Sindo na Takawiri walikuja kwa mashua, viatu mkononi visilowe. Wa Migori walishuka kwenye basi na vumbi mpaka kwenye kope, ndiyo maana mlangoni kulikuwa na beseni la maji, sabuni na kioo. Ukutani fundi wa rangi alikuwa amechora ndege ya abiria. Ukuta uliisha kabla ya ndege, kwa hiyo ilikuwa na bawa moja, lakini sijawahi kusikia mteja akilalamika. Watu walisimama chini ya bawa hilo kama waliorudi Ulaya jana, na picha wakawatumia jamaa zao Nairobi.

Nyumbani tulizungumza Kiswahili, jambo lililowashangaza majirani. Baba alikuwa Mjaluo, na Mama alikuwa Mkuria kutoka mpakani, kule ng'ambo ya Migori. Walipokutana hakuna aliyejua neno la lugha ya mwenzake. Wakapendana kwa Kiswahili, wakagombana kwa Kiswahili, wakatulea kwa Kiswahili hicho hicho chenye Kijaluo huku na Kikuria kule. Majirani walimwita Mama Nyar Kuria, yaani binti wa Wakuria, na yeye aliliitikia jina hilo kwa fahari.

Kazi waligawana. Baba alipiga picha, Mama akasafisha filamu. Chumba cha giza kilikuwa nyuma ya studio, hakina dirisha, mlangoni kumening'inia blanketi mbili. Filamu haikutakiwa kuona nuru hata ya kibiriti mpaka imalize kusafishwa, kwa hiyo Mama alifanya kazi gizani kabisa, kwa vidole. Aliishika filamu ncha mbili, akaizamisha kwenye sinia la dawa, akaipandisha na kuishusha, huku akiimba wimbo wa kanisani wa kwao. Wimbo ndio uliokuwa saa yake. Beti zikiisha, filamu imeiva. Sisi watoto tulicheza kalongolongo nje, tukapika ugali wa udongo na visamaki vya omena vya majani makavu, na mama yetu alikuwa sauti tu. Ukitaka kumshtaki kaka yangu Ouma kwamba amekukanyaga, ulilishtakia blanketi. Blanketi likasema, "Ouma, nikitoka huku utanitambua!" Lakini halikutoka mpaka jioni, na jioni kesi ilikuwa imeshachacha.

Kisha mikono ya Mama ikaanza kuugua. Kwanza iliwasha, halafu ikatoa vilengelenge, halafu ngozi ikapasuka katikati ya vidole kama tope la ufukweni wakati wa kiangazi. Mdogo wetu Chacha alikuwa bado ananyonya, na Mama hakuweza kumwogesha, maana maji na sabuni vilimchoma mpaka akauma midomo. Jirani ndiye aliyemwogesha, na Mama akakaa kando akitazama mtoto wake akisuguliwa na mikono ya mtu mwingine. Sijasahau uso wake. Kina mama wa mtoni nao hawakukosa la kusema: Nyar Kuria amevunja mwiko wa Wajaluo, ile ni chira, laana ya mvunja mwiko.

Dresa, mfunga vidonda wa hospitali, alikuwa na maneno machache. "Mama, hii si chira. Ni ile dawa yenu ya picha. Toa mikono huko kabisa, la sivyo hata kijiko kitakushinda kushika."

Alimpa glavu za mpira. Mama alizivaa mara moja, filamu ikamteleza na kukwaruzika, akazivua. "Huu ni mkono uliovalishwa kiatu," alisema. Baba akaingia gizani mwenyewe. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Alipotoka, filamu ya harusi ya watu wa Rongo ilikuwa kama iliyochezewa na paka. Isitoshe, nusu ya wiki alikuwa barabarani na baiskeli na kamera yake. Basi jioni moja, tukiwa tunakula ngege, akasema kwa upole kwamba kuna kijana Kisumu anayeijua kazi ile, aje asafishe filamu, Mama apumzike apone.

Mama alingoja mpaka samaki akabaki mifupa. Halafu akasema, "Baba Akinyi, kwetu niliacha ng'ombe na watu wangu wote. Hapa nimepata kazi moja ninayoijua kuliko mtu yeyote. Na hiyo nayo unataka niiache?"

Akinyi ndiye mimi. Baba aliitazama ile mikono iliyofungwa bendeji, akaitazama sana, na nadhani pale ndipo kopo lilipoanza.

Baba yangu alikuwa na ukaidi wa punda, na leo namshukuru Mungu kwa ukaidi ule. Alitueleza shida yenyewe kama kitendawili: filamu iwe ndani, mikono iwe nje, dawa iingie, nuru isiingie. "Maji yanajua kukata kona," alisema, "lakini nuru haijui. Nuru ni kama mzee mwenye kiburi, huenda moja kwa moja." Akachukua kopo la maziwa ya unga, akaliyeyushia nta ndani lisishike kutu, na kwenye kifuniko fundi bati akamlehemea mdomo wenye kona mbili, uliopakwa rangi nyeusi. Ili filamu isijigande ikikunjwa humo, aliomba hospitalini picha kuukuu za eksirei, akazikata ukanda mrefu, kingo zake akazipitisha katikati ya meno ya magurudumu ya saa mbovu mpaka zikawa na mawimbi. Ukanda ukakunjwa pamoja na filamu, zikagusana kingoni tu, na katikati dawa ikapata njia. Mpaka leo nikifikiria hilo la meno ya saa nashindwa kuelewa alilitoa wapi.

Sisi watoto tulikuwa wakaguzi. Alitufunika blanketi kichwani jua la saa sita, kopo tukaliweka jichoni, kitako chake kikabaki nje juani, tukachungulia ndani. "Mnaona nyota?" Kila tundu dogo lililopitisha nuru liliitwa nyota, na aliyeiona alipewa peremende. Mimi niliona moja. Ouma akaona anga zima. Baba akamshukuru, akampa sufuria ya kupikia isiyo na tundu hata moja, akamwuliza tena, na humo pia Ouma akaona nyota. Tangu siku hiyo peremende zake zilikoma.

Kopo likakamilika, na hapo Baba akafanya kosa la mkwe. Alikuwa amewahi kuona, kwa mbali, maana Mjaluo hazururi karibu na jiko la mama mkwe, jinsi nyanya yetu wa Kikuria alivyotikisa kibuyu cha maziwa pajani mpaka siagi ikatoka. Akaona hiyo ndiyo njia ya kumheshimu mkewe: kopo alitengeneze la kutikiswa, kama kibuyu cha kwao. Mama akalipokea kwa mikono miwili, akaliweka pajani, akatikisa.

Lilivuja. Dawa ilitiririka kutoka kwenye kifuniko, ikapita viganjani, ikaingia ndani ya bendeji. Mama alicheka, akasema kibuyu cha mamake hakijawahi kumlilia hivi. Kicheko kikaisha, machozi yakaendelea. Filamu ilipotolewa, mapovu yalikuwa yameiachia madoa kila mahali. Baba alisimama akiwa na lile kopo mkononi, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akiuliza nauli ya Kisumu, kwa yule kijana.

Asubuhi iliyofuata jirani alikuja kutupikia uji, lakini Mama alimwomba upekecho, kile kijiti chenye vijino chini, akauzungusha mwenyewe katikati ya viganja vyenye bendeji. Viganja vilikuwa juu, vikavu, na uji ulikuwa ukigeuka chini sufuriani. Ghafla akaacha kupekecha.

"Baba Akinyi," aliita, "kwa nini tunalitikisa? Mimi uji siutikisi."

Baba alitoka kwenye studio akiwa na kiatu kimoja. Aliutazama upekecho, akamtazama mkewe, akasema tu, "Nyar Kuria!" kama majirani walivyosema, lakini si kwa sauti ya majirani. Hata uji hakunywa. Alilichukua jagi la enameli la nyumbani na kwenda nalo kwa fundi bati, na tangu siku hiyo tulinywa maji kwa kata. Chombo kipya hakikutikiswa wala kupinduliwa. Kilikaa chini kimetulia, kifuniko kimefungwa kwa komeo ambalo Chacha asingeweza kulifungua, dawa ikamiminwa kwa mdomo wa kona, na katikati kukapita kijiti cha mvule kilichoshika filamu. Mama alikizungusha kwa viganja viwili, na tone moja halikumfikia.

Filamu ya kwanza ilikuwa yetu wenyewe, maana Mama alikataa kuharibu ya mteja. Aliingia gizani kuifunga kwenye kijiti. Tulitarajia abaki kuwa blanketi tu mpaka jioni. Badala yake, kabla hatujaanza hata mchezo, blanketi likafunguka na Mama akatoka, jagi mikononi, akaelekea kwenye baraza kulikokuwa na jua kali.

Baba alipiga kelele. "Rudi ndani! Utaiunguza filamu!"

"Si wewe uliyesema nuru haijui kona?" Mama alijibu. "Mimi nimekuamini. Wewe hujiamini?"

Akaketi kwenye kigoda, akamimina dawa, akaanza kupekecha na kuimba. Sisi tuliacha kila kitu. Wimbo ule tuliujua wote, lakini hatukuwahi kumwona akiuimba. Sikujua kwamba kwenye ubeti wa pili hufumba macho. Baba alizunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mara Mama akatulia, akasikiliza kijiti kwa vidole. "Naisikia," alisema polepole. "Filamu naisikia, kama zamani." Glavu zilimnyima jambo hilo, kijiti kikamrudishia.

Dawa ya kwanza ikamwagwa, ikaingia ya pili, yakafuata maji ya mtungini. Komeo likafunguliwa. Baba akaiinua filamu kuelekea angani, akaikagua kutoka ncha mpaka ncha. Haikuwa na doa wala mkwaruzo. Alikaa chini pale pale vumbini akiwa na suruali yake ya kazi, na Mama akamcheka mpaka majirani wakaja kuona.

Ngozi ilipona taratibu. Siku Mama alipomwogesha Chacha mwenyewe, mtoto alilia kwa sababu alikuwa hajazoea kusuguliwa hivyo, na Mama naye akalia, na hakuna aliyewanyamazisha. Wapiga picha wa Migori walisikia, wakaja kuchungulia. Baba hakuwaficha chochote. "Igeni," aliwaambia, "na nyinyi mna wake wenye mikono." Fundi bati akapata kazi ya msimu mzima.

Lakini jambo ambalo Baba hakulipanga ndilo tulilofaidi sisi. Alitaka kuiokoa mikono, akatutolea mama mzima. Kila alasiri Mama alikaa nasi barazani, anapekecha huku akitusahihishia hesabu, anaonja ugali wetu wa udongo na kusema umekosa chumvi. Kesi za Ouma zilihukumiwa papo hapo na fimbo ilikuwa karibu. Nilimjua mama yangu barazani pale, nikajua ana kidoti shingoni, nikajua hucheka kabla hajamaliza hadithi. Sijapata kuona zawadi ya mume kwa mke iliyozidi lile jagi.

Siku hizi wajukuu wangu wanakuja kunitembelea, tunakaa sebuleni mchana, taa zinawaka, na kila mtu ameinamia simu yake. Chumba cha giza siku hizi kila mtu anatembea nacho mfukoni. Juzi mmoja wao, msichana mwerevu, aliniomba picha ya nyanya yake mkubwa akiwa na lile jagi, apate kuwaonyesha wenzake. Tukafungua maboksi yote. Tukapata maharusi wa Rongo, wavuvi wa Sindo, walimu, makasisi, watu wa Migori chini ya bawa la ndege. Ya Mama barazani hatukuipata hata moja.

"Nyanya, si mlikuwa na kamera?" aliniuliza, hataki kuamini.

Tulikuwa nayo. Kinyozi hajinyoi, mjukuu wangu. Kamera ilitundikwa kwenye msumari pale mlangoni, hatua chache tu, alasiri zote zile, na hakuna aliyekumbuka kuinuka akaichukua. Tulikuwa tumekaa na Mama.