Nani Aliandika "Mgongo Nauacha Mwisho"

Osceola Blandon, sisi tukimwita Ozie, alisoma mita za gesi miaka thelathini na moja upande wa magharibi wa Detroit. Mita zetu zinakaa chini ya nyumba, kule unakoteremka kwa ngazi, jirani na mashine ya kufulia na makorokoro ambayo mwenye nyumba hana moyo wa kuyatupa. Ndiko Ozie alikozikuta santuri. Leo anaandika namba ya mita, kesho anauliza, "Samahani bibi, hayo maboksi ya nani?" Naye bibi anajibu, "Ya shemeji yangu, alikuwa na kampuni ya muziki hapa hapa jikoni. Chukua, yananijazia nafasi."

Enzi hizo, jamani, kila mtu alikuwa na kampuni ya muziki. Kinyozi alikuwa nayo, fundi wa magari alikuwa nayo, mchungaji alikuwa nayo akasema hana. Wanarekodi wimbo mmoja Jumamosi, wanachapa santuri mia tano, wanazipeleka redioni wamezipakia nyuma ya gari la Buick, na mwezi wa pili hakuna kampuni. Ukikaa barazani mwezi wa Julai uliusikia wimbo mmoja ukitoka nyumba hii unaingia nyumba ile mpaka mwisho wa mtaa. Nani alijua kwamba miaka arobaini baadaye Waingereza na Wajapani wangezitafuta santuri zile kwa machozi? Sisi tulizitumia kuegeshea milango.

Ozie hakuegeshea mlango santuri hata moja. Alitaka kujua. Nani aliimba, nani alipiga besi, nani alitunga maneno? Alisoma anwani iliyochapwa kwenye lebo akaenda kubisha hodi. Alisoma kwa kioo cha kukuzia zile herufi ndogo ambazo fundi hukwaruza karibu na tundu la katikati. Alikaa na santuri moja wiki nzima, akiinua sindano na kuirudisha, mpaka aandike kila neno la wimbo kwenye daftari. Mwisho akatoa kitabu, kurasa mia na sita zilizobanwa kwa waya, na kitabu hicho kikawa ndicho neno la mwisho. Ozie akisema ndivyo, ndivyo.

Kilichompa sifa zaidi ni mbwa. Roscoe Lattimore, mwenye kampuni moja ya mtaa wa Dexter, alikuwa mwongo wa kutupwa. Ili wenzake wasidai haki ya utunzi, chini ya kila wimbo aliandika jina la mtu wake: shangazi, mama mkwe, kinyozi wake. Nyimbo tatu ziliandikwa na "D. Lattimore", na Ozie ndiye aliyegundua kwamba huyo D ni Duke, mbwa aliyekuwa akilala chini ya piano. Loo, walicheka mpaka London! Tangu hapo Ozie akajiwekea kanuni: jina lolote la ukoo wa Lattimore, kata.

Basi Jumamosi moja ya mwaka 2004, saa nne asubuhi, kengele ya mlango ikalia. Amesimama mwanamke mzee, kofia ya kanisani kichwani, mkoba mkononi, na kitabu cha Ozie kwapani.

"Wewe ndiye Blandon?"

"Ndiye mimi, mama. Karibu."

"Usiniite mama, sijakuzaa. Ningekuzaa ungekuwa na adabu." Akaingia, akaketi, akakifungua kitabu. "Ukurasa wa arobaini na moja. Soma, kwa sauti."

Ozie akavaa miwani. Ulikuwa wimbo alioupenda kuliko yote, "Mgongo Nauacha Mwisho", ulioimbwa na Cleophus Dancy mwaka 1966. Alijua zimebaki santuri nne duniani, moja ipo chumbani kwake. Akasoma: "Lebo inamtaja A. Lattimore, ambaye ni mke wa mwenye kampuni na hakuandika chochote. Mtunzi wa kweli ni Dancy mwenyewe."

"Mke huyo ndiye mimi," akasema mwanamke. "Arzelia. Mpwa wangu ameniambia kuna kampuni Chicago inautoa upya wimbo ule, na jina la mtunzi wamelichukua kwako. Kweli?"

"Kweli. Jumatatu wanachapa jalada."

"Basi leo utalirudisha jina langu. Nina miaka sabini na sita. Nimeandika wimbo mmoja tu maishani mwangu, na wewe umempa mtu mwingine."

Ozie akakuna kichwa. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa amezoea kujua. "Bi Arzelia, kwa heshima zote, mumeo alimwandika mbwa."

"Duke alikuwa mbwa mzuri. Hakuwahi kuandika kitu."

"Sasa mimi nitajuaje? Kila wiki napigiwa simu na mtu anayedai ndiye aliyetunga. Niliongea na mpiga gitaa, na mpiga ngoma, na hata dereva wao. Wote walisema Cleo aliuimba kama maneno ya moyoni mwake. Halafu ni wimbo wa mwanamume aliyeachwa, anapiga pasi gauni la mkewe. Haya ni maneno ya kiume."

Bi Arzelia akamtazama toka juu hadi chini, macho yakatua kwenye shati lake lililojikunja kama karatasi ya kufungia samaki. "Una pasi humu ndani?"

Pasi ilikuwapo, lakini Ozie hakujua ilipo. Geneva, mkewe, alikuwa amefariki miaka miwili iliyopita, na tangu hapo hakuna aliyefungua kabati la nguo za kufua. Wakaikuta humo, na meza yake, na chupa ya kunyunyizia maji.

"Vua shati."

"Ati?"

"Vua shati, bwana! Kifua chako sina haja nacho. Na uweke ule wimbo."

Ozie akabaki na fulana, aibu imemjaa, akaitoa santuri kwenye bahasha yake na kuishusha sindano. Sauti ya Cleophus ikaingia sebuleni, ile sauti iliyokuwa ikitufanya tuzime injini ya gari tusikilize kwanza.

*Naanza na kola, mpenzi, mvuke waniingia machoni,*

na mkono wa Bi Arzelia ulikuwa kwenye kola, ukitoka ncha kwenda katikati.

*Nashuka mabegani, hapo kichwa changu kilipolala,*

naye akaligeuza shati, akaivalisha pembe ya meza bega lake.

*Mikono naifungua vifungo, kimoja, halafu cha pili,*

naye alikuwa akifungua vifungo vya mikono, bila kuangalia, jinsi mtu anavyofungua mlango wa nyumba yake.

*Mgongo nauacha mwisho, maana ndio nilioona mwisho.*

Akaulaza mgongo wa shati mezani, akapitisha pasi mara moja, na wimbo ukaisha.

"Hivyo ndivyo tulivyopiga pasi kwa dobi wa mtaa wa Linwood, mashati mia mbili kwa siku, na ukikosea mpangilio msimamizi anakurudishia," akasema. "Sasa niambie wewe mtaalamu. Gauni gani hilo lisilo na sketi? Umeandika kila neno kwenye daftari lako. Kuna kiuno humo? Kuna pindo?"

Ozie alilijua daftari kwa moyo. Hakukuwa na kiuno. Hakukuwa na pindo.

"Lilikuwa shati. Cleo alikataa kuimba shati la mwanamume, wakabadilisha neno moja, wakatia gauni. Shati la Roscoe. Aliondoka mwezi wa tatu na mwanamke wa Toledo, akaacha mashati saba. Nikayapiga pasi yote saba, mpumbavu mimi. Nikaandika maneno yale nyuma ya risiti ya dobi, nikayatia mfukoni mwa shati la juu. Nilitaka ayasome, alie. Alipokuja kuchukua nguo zake akayasoma, akaona biashara."

"Lakini jina lako aliliandika."

"Aliliandika." Sauti yake ikashuka. "Yule mtu alinidanganya kila siku ya ndoa yetu. Kitu kimoja tu cha kweli alichowahi kukiandika ni jina langu chini ya wimbo ule. Kimoja, Blandon. Nacho wewe umekikata."

Ozie akakaa kitini. Alimkumbuka Geneva akisimama hapo hapo, Jumapili jioni, akinyoosha sare zake tano za kampuni ya gesi, akiuimba wimbo huu chini kwa chini. Mara moja alisema, "Ozie, huyu Cleo hajawahi kushika pasi. Haya kaandika mwanamke." Naye alimjibu, "Geneva, hebu niachie kazi yangu." Hakuandika hata alama kwenye daftari. Alikuwa amebisha hodi nyumba mia, amewatafuta mpaka madereva, na mtu aliyejua alikuwa sebuleni kwake anampigia pasi nguo. Yakamtoka machozi, wala hakuyaficha.

"Nisamehe, dada yangu," akasema.

"Piga simu kwanza."

Akampigia Haskell, bwana wa ile kampuni ya Chicago, nyumbani kwake. "Ukurasa wa arobaini na moja, nimekosea," akasema, na kule Haskell akauliza mara mbili kama kweli anaongea na Blandon. "Ndiyo, mimi. Dancy hakuandika. Weka Arzelia Lattimore."

"Si Lattimore," akadakia Bi Arzelia. "Boykin. Jina alilonipa baba yangu."

"Lakini lebo inasema Lattimore."

"Lebo ni ya Roscoe. Maneno ni yangu."

Ozie akamtajia Haskell herufi moja moja, kisha akamwomba alisome jina atakavyolichapa, akamnyooshea Bi Arzelia simu. Akaipokea kwa mikono miwili, kofia imeenda upande, akasikiliza.

"Rudia," akasema.

Haskell akarudia. Bi Arzelia akafumba macho.

"Polepole," akasema. "Rudia tena."